Kura ya Kipaza

Baada ya kiharusi, Mheshimiwa alibakiwa na neno moja tu, nalo lilikuwa "ndiyo."

Daktari aliwaita mkewe na binti yake pembeni, kwenye korido yenye harufu ya dawa ya kusafishia sakafu, akawaeleza taratibu. "Anaelewa kila kitu. Msije mkamsema mbele yake mkidhani hasikii. Kilichoharibika ni njia ya kutolea maneno. Akitaka kusema maji, litatoka hilo. Akitaka kusema hapana, litatoka hilohilo."

"Sasa tutajuaje anachotaka?" mkewe aliuliza.

"Mtamsoma. Nyinyi ndio mnaomjua."

Wakamrudisha nyumbani, kwenye nyumba ya serikali waliyokuwa wakikaa tangu aingie bunge la jimbo, na wakaanza kumsoma. Mkewe ndiye aliyegundua. Mumewe akikubali jambo, alikuwa anakutazama usoni huku akisema ndiyo. Akikataa, alikuwa anasema ndiyo na kufumba macho, kama mtu anayemeza kidonge kichungu. Binti yao, mwalimu wa chekechea, alileta kadi za picha kutoka shuleni kwake na kuketi naye kila jioni kando ya kitanda.

"Hii ni nini, Baba?"

"Ndiyo."

"Ni paka. Tuseme wote. Pa."

Mzee alikaza shingo, jasho likamtoka kwenye kipara. "Nd... ndiyo."

Siku moja alizipiga kadi kwa mkono wa kushoto, ule uliokuwa bado mzima, zikatawanyika sakafuni, paka, mpira, mwavuli. Binti aliinama kuziokota moja moja. "Samahani, Baba. Najua ni za watoto. Sina nyingine."

Na huyu alikuwa mtu aliyeishi kwa mdomo wake. Ujanani aliuza mitumba sokoni akiwa amesimama juu ya kasha la mbao, na sauti yake ilikuwa ikivuka paa la soko hadi kituo cha polisi, ndiyo maana wakamwita Kipaza. Manispaa ilipotaka kupandisha ushuru, wauzaji walimsukuma yeye mbele akawasemee, akasema hadi ushuru ukashuka. Wakamfanya mwenyekiti wao, kisha diwani, kisha mbunge wa jimbo, wakamrudisha tena na tena. Aliwahi hata kuwa naibu waziri wa serikali ya jimbo, cheo alichokikalia kwa muda mfupi kuliko muda wa kushonesha suti, kwa sababu mswada wa kuuza ardhi ya soko ulipoletwa aliinuka na kuupinga ingawa yeye mwenyewe alikuwa wa upande wa serikali. Alifukuzwa jioni ileile. Alirudi nyumbani akicheka. "Wamenipunguzia mikutano," alimwambia mkewe, na akaomba chai.

Sasa alinyweshwa chai hiyo kwa kijiko.

Mwanzoni wageni walijaa sebuleni hadi wengine wakasimama. Kisha habari zikaenea kwamba Mheshimiwa hakatai kitu, na wageni wakabadilika. Alikuja fundi mmoja wa mabomba aliyekuwa akitafuta zabuni, akaketi karibu na kitanda, akasema, "Mheshimiwa, ile kazi ya maji ya shule mtanipa mimi, siyo?"

"Ndiyo."

Wiki iliyofuata fundi alirudi kumdai mkewe. "Mama Mheshimiwa, mzee aliniahidi kwa kinywa chake. Mwulize."

"Nimwulize nini na wewe unajua hali yake?"

"Mimi najua alichosema."

Baada ya huyo mkewe alianza kupokea wageni getini. Na walipojua kwamba hawaruhusiwi kumwuliza chochote, wengi wao hawakurudi.

*

Mnadhimu wa chama, yule anayehakikisha wabunge wa chama wanapiga kura wanavyotakiwa, alikuja asubuhi ya Jumamosi na gari mbili. Katika moja alikuwemo yeye na ndizi mbivu. Katika nyingine kilikuwamo kiti kipya cha magurudumu, bado kimefungwa nailoni.

"Shemeji," alisema baada ya salamu, "chama hakijamsahau mtu wake."

Mkewe alishukuru. Kiti walichokuwa wakitumia kilikuwa cha kuazima hospitali na gurudumu lake moja lilikuwa likienda linakotaka.

Walinywa chai. Mnadhimu alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini, na hakuwa na haraka. Aliulizia mtaalamu wa mazoezi ya viungo anayekuja nyumbani. Mkewe alimwambia kwa furaha isiyofichika kwamba vidole vya mguu vimeanza kusogea, na kwamba mtaalamu anasema wakishikilia hivyohivyo anaweza kusimama.

"Vizuri sana. Na huyo analipwa na bunge."

"Ndiyo, tunashukuru."

"Kama nyumba hii." Mnadhimu aliweka kikombe chini. "Sasa kuna jambo moja linanisumbua, shemeji, na nimeona nije mwenyewe badala ya kukuletea barua. Kanuni inasema mbunge asipoonekana vikao kadhaa mfululizo, kiti chake kinatangazwa wazi. Spika amevumilia. Lakini upinzani umeanza kuhesabu. Kiti kikitangazwa wazi, haya yote yanakwenda nacho. Sipendi, lakini ndivyo ilivyo."

Mkewe alitazama dirishani. Uani, mashuka ya mgonjwa yalikuwa yameanikwa kamba nzima. Walikuwa wanafua kila siku.

"Aje siku moja tu," mnadhimu aliendelea. "Jumatano. Aingie, aonekane, apige kura, arudi. Gari tutaleta sisi, na muuguzi."

"Kura ya nini?"

"Mswada wa soko."

Mkewe aliacha kutazama dirishani. "Huo aliupinga. Ulimpotezea unaibu waziri."

"Aliupinga ule wa zamani. Huu umerekebishwa. Na mtu hubadilika, shemeji, hasa akishaona kifo karibu." Akamgeukia mgonjwa aliyekuwa ameegemezwa mito kwenye kochi, akainama hadi nyuso zao zikakaribiana. "Mzee wangu. Utatuunga mkono Jumatano?"

"Ndiyo," alisema Kipaza, na akafumba macho.

Aliyafumba kwa nguvu, hadi ngozi ya paji la uso ikajikunja. Mkewe aliona. Binti yake, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia, pia aliona, akamtazama mama yake.

"Umemsikia mwenyewe," mnadhimu alisema.

Mkewe aliwaza mguu ule, vidole vilivyosogea Alhamisi, na mtaalamu aliyepiga makofi kama aliyeona mtoto akianza kutembea.

"Nimemsikia," alisema.

*

Dada yake Kipaza alikuwa anauza uzi, vifungo na zipu katika kibanda kilekile alichoachiwa na mama yao. Habari zilimfikia kabla ya Jumapili kwisha. Alikuja bado amevaa aproni ya kazini, yenye mifuko iliyojaa vifungo, akaingia kupitia mlango wa jikoni.

"Wifi, nimeambiwa uwongo au nimeambiwa kweli?"

Mkewe alikuwa anaponda ndizi kwa uma ziwe laini. "Keti kwanza, wifi."

"Nitaketi nikijibiwa."

"Anakwenda Jumatano. Wamesema asipokwenda, kiti kinachukuliwa."

"Basi kichukuliwe. Kiti ni kitu gani?"

"Kiti ni nyumba hii. Ni mtaalamu wa mazoezi. Ni dawa. Wewe unakuja Jumapili, unamkuta amenyolewa, amebadilishwa, ananukia sabuni. Hujui kinachofanyika Jumatatu hadi Jumamosi. Mimi ndiye ninayemgeuza asipate vidonda. Mgongo wangu wenyewe umeisha."

"Nakuonea huruma, wifi. Kweli kabisa." Dada aliketi sasa, vifungo vikalia mifukoni. "Lakini soko likiondoka, mimi nitakwenda wapi? Na yule mama wa viatu, na vipofu wanaosuka vikapu? Watu hao ndio waliompa hiyo nyumba unayoiogopea."

"Mswada umerekebishwa. Watapewa nafasi kwenye jengo jipya."

"Nani kakuambia?"

Mkewe aliendelea kuponda ndizi.

"Na yeye mwenyewe? Amekubali?"

"Aliulizwa. Akasema ndiyo."

"Wifi," dada alisema kwa sauti ya chini, "mimi nimelelewa naye, lakini wewe umeolewa naye. Usinijibu kama yule fundi wa mabomba."

Akainuka, akaenda chumbani. Mkewe alibaki anaponda ndizi ambazo zilikwisha kuwa uji. Kupitia mlango uliokuwa wazi kidogo alimsikia wifi yake akisema, "Kaka, usiwafanyie hivi. Ukifika kule kaa kimya. Kaa kimya tu, unaweza?" Na alimsikia mumewe akijibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, huku akilia. Hakuingia kutazama macho yake.

Dada alitokea, akapita jikoni bila kuaga.

Jioni ile binti alizikusanya kadi zake za picha na kuzifunga kwa mpira. "Mimi Jumatano siendi, Mama," alisema. "Nina kazi."

"Jumatano shule imefungwa."

"Najua."

*

Suti ilimpwaya. Mkewe alimkazia mkanda, akampachika pini nyuma ya koti ili kola ikae vizuri shingoni, akampaka mafuta mikononi. Kipaza alimwachia afanye. Hakumtazama.

Jengo la bunge la jimbo halikuwa na njia ya viti vya magurudumu. Askari wanne walimbeba ngazi zote, kiti na mtu, mmoja akimwonya mwenzake asiyumbe, na wapiga picha wakapiga picha. Alipoingizwa ukumbini, wabunge wa pande zote walisimama na kupiga meza. Wengine walilia kweli. Mkewe aliketi kwenye jukwaa la wageni juu, akaona watu waliomtukana mumewe miaka nenda miaka rudi wakipanga foleni kumshika mkono uliokufa.

Kwa kuwa ardhi ilikuwa ya umma, kura ilipigwa kwa wito. Karani alisoma orodha na kila mbunge akajibu kwenye kipaza sauti chake, ndiyo au siyo. Redio ya jimbo ilikuwa inatangaza moja kwa moja. Sokoni walikuwa wameiweka kwenye kibanda cha fundi redio na kuongeza sauti hadi mwisho. Mkewe alilijua hilo, na kila jina lililosomwa lilimsogeza mbele kwenye kiti chake.

Ikafika zamu ya Kipaza. Mnadhimu, aliyekuwa amekaa naye bega kwa bega, alimsogezea kipaza sauti.

Kipaza hakusema.

Mkewe aliona shingo ya mumewe ikikakamaa na mdomo ukijikusanya, meno yakikutana, hewa ikipita kati yake. "Sss," redio ikatangaza. "Sss." Alikuwa akilitafuta neno ambalo mtoto wa chekechea analijua. Mkewe alijikuta anasema naye kimoyomoyo, siyo, mume wangu, siyo. Mnadhimu alimwekea mkono begani.

"Ndiyo," alisema Kipaza.

Upande wa serikali ulilipuka kwa makofi. Lakini yeye hakunyamaza. Alipiga meza kwa kiganja cha kushoto, macho yamefumbwa, akasema tena, ndiyo, kisha tena kwa sauti kubwa zaidi, ndiyo, ndiyo, sauti ileile ya juu ya kasha la mbao, na kila alipolisema alipiga meza kwa hasira. Wabunge walicheka kwa furaha. "Leo mzee ameamka," mmoja alisema. "Mara moja inatosha, Mheshimiwa," alisema Spika akitabasamu, na ukumbi ukacheka tena.

Mkewe alisimama. Hakujua atasema nini, ila alikuwa amesimama na mdomo wake ulikuwa wazi.

"Mama, wageni hawaruhusiwi kusimama," alisema askari wa jukwaa kwa adabu. "Kaa tafadhali."

Akakaa.

Mswada ulipita kwa kura hiyo moja.

*

Walimrudisha na muuguzi, kama walivyoahidi. Mtaalamu wa mazoezi aliendelea kuja. Vidole vya mguu viliendelea kusogea kwa muda, kisha vikaacha, kwa sababu mgonjwa alikuwa hashiriki tena. Mtaalamu akisema nyanyua, alilala tu akitazama dari. Na lile neno halikutoka tena. Mkewe alimwuliza kama anataka maji, kama anasikia baridi, kama anataka dirisha lifunguliwe. Hakusema ndiyo wala hakufumba macho. Alikuwa anageuza uso ukutani.

"Nikasirikie," mkewe alimwambia mchana mmoja, akimlisha. "Nitemee hata huo uji. Lakini usininyamazie hivi."

Alimeza uji, akageuza uso.

Mabuldoza yaliingia sokoni wakati wa mvua. Jengo jipya lilipoanza kuinuka, ilijulikana kwamba vyumba vyake vyote vilikwisha kugawiwa. Dada yake Kipaza alibeba bidhaa zake kwa mkokoteni hadi nyumbani kwake. Alipokuja kumwona kaka yake, alikuja saa ambazo wifi yake alikuwa ametoka kwenda duka la dawa, na binti ndiye aliyemfungulia.

Kipaza alifariki kabla jengo halijaezekwa. Alikuwa amelazwa kifudifudi ili asipate vidonda mgongoni, na mkewe alipomgeuza alikuwa amekwisha kuondoka.

*

Mazishi yaligharimiwa na bunge la jimbo. Yaliwekwa mahema, viti vya plastiki vyenye vitambaa vyeupe, na vipaza sauti kila kona. Waheshimiwa walikaa mbele. Watu wa soko, au watu waliokuwa wa soko, walisimama nyuma kabisa nje ya hema. Wengi hawakuja. Waliokuja walikuja kwa ajili ya dada yake, nao walisimama wamemzunguka.

Mnadhimu ndiye aliyesoma wasifu wa marehemu. Aliusoma vizuri kwa ile sauti yake ya chini. Alisema marehemu alianzia chini, akawa diwani, akawa mbunge, akawa naibu waziri. Hakusema alivyoacha kuwa naibu waziri. Alimvika sifa nyingi. Kisha akakunja karatasi, akasema kwa hisia, "Na mtakumbuka, ndugu zangu, kwamba hata ugonjwa haukumzuia. Alibebwa hadi bungeni kuja kuitikia maendeleo. Sote tulimsikia. Hiyo ndiyo kura yake ya mwisho, na tutamkumbuka kwayo."

Nyuma ya hema mtu mmoja alitema mate.

Mkewe aliinuka. Safari hii hakuna aliyemzuia, kwa kuwa mjane hazuiwi, na mnadhimu mwenyewe alimpisha kwenye kipaza sauti akidhani anakuja kushukuru.

"Mimi si msemaji," alianza. Sauti yake ilirudi kutoka kila kona ikamtisha, akasogea nyuma kidogo. "Msemaji ni huyu mliyemleta hapa. Lakini alipougua alibakiwa na neno moja. Daktari alituambia. Angeulizwa kama anataka kufa, angesema ndiyo. Alipokuwa anakataa, alikuwa anafumba macho. Siku ile alifumba. Alipoulizwa nyumbani alifumba, na kule bungeni alifumba."

Mnadhimu alinyoosha mkono. "Shemeji, una majonzi—"

"Nina majonzi, ndiyo, lakini akili ninayo. Nilimwona amekataa, nikasema amekubali, kwa sababu niliogopa kuhama." Alitazama nyuma ya viti vyenye vitambaa vyeupe, hadi nje ya hema. "Mume wangu hakuwauza. Ile kura niliipiga mimi."

Mtu wa mitambo alizima kipaza sauti, mnadhimu akamshika mkono kwa upole, akamrudisha kwenye kiti, na msemaji aliyefuata akaitwa. Kisheria hakuna kilichobadilika. Neno lilikuwa limeingia kwenye kumbukumbu za bunge na jengo lilikuwa limefika ghorofa ya tatu.

Waheshimiwa waliondoka mara baada ya kaburi kufunikwa. Hakuna aliyekuja kumpa pole, na watu wa soko nao walipita mbali naye, wengine wakimtazama, wengine wakitazama chini. Binti alikuwa akikusanya viti. Dada yake Kipaza alibaki amesimama kando ya kaburi peke yake, na baada ya muda akaja alipokuwa ameketi wifi yake. Hakuketi.

"Ungeyasema yale mapema."

"Ningeyasema mapema."

"Alikufa anajua kwamba hatujui kuwa alikataa."

Mkewe aliinamisha kichwa.

"Nyumba wanaitaka lini?" dada aliuliza.

"Baada ya hotuba yangu, nadhani kesho."

"Mimi nina vyumba viwili. Kimoja kimejaa mzigo wa sokoni, sijapata pa kuuzia. Mtalala humohumo, wewe na mtoto, katikati ya maboksi."

Mkewe aliinua uso.

"Usinitazame hivyo," dada alisema. "Sijakusamehe. Sijui kama nitaweza. Lakini kaka yangu angenikasirikia nikikuacha nje."

Akamshika mkono wa juu, si kwa upole, akamwinua kutoka kwenye kiti. Kisha akakivua kiti kile kitambaa chake, akakiweka juu ya vile alivyokwisha kukusanya binti, na wote watatu wakaendelea kukusanya vilivyosalia, kwa sababu wenye viti walikuwa wanavisubiri.